UZI MAALUMU: Nyimbo za wapiganaji wa zamani (Keya, Bama, Kagera): zimejengwaje, na namna ya kuzirekodi kabla hazijapotea

#1 Kiitikio_Kwanza

Wakuu, kwema? Uzi huu ni kwa wenye baba, babu au jirani aliyepigana vita, ambaye mpaka leo akikaa kivulini anavuma wimbo usiosikika redioni. Hesabu zinatisha. Kijana wa miaka 20 aliyekuwa Bama (Burma, Myanmar ya leo) mwaka 1944 leo angekuwa ameshapita miaka 100. Aliyekuwa na miaka 20 akivuka Mto Kagera mwanzoni mwa 1979 ameshapita 65. Wale wa kwanza tumewakosa karibu wote. Hawa wa pili bado tunao, ila sauti huwahi kuondoka kabla ya mwenyewe.

Naanza na muundo, kwa sababu rekodi nyingi zinaharibika pale ambapo mrekodi hajui wimbo umesimama juu ya nini.

Wimbo wa askari una mwimbishaji na waitikiaji. Kiitikio ni kifupi, hakibadiliki, na mara nyingi hakina habari nzito ndani yake. Habari yote iko kwa mwimbishaji: mto uliovukwa, afande mkali, njaa, mwenzao aliyebaki nyuma. Yeye anatunga papo hapo au anachota katika akiba yake ya mistari. Ndiyo maana ukirudi nyumbani na kiitikio tu, hata kikiwa kimeimbwa vizuri sana, hujaleta kumbukumbu yoyote.

Chukueni wimbo wa Keya (ndivyo askari walivyoitamka KAR, King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki) wa "Funga safari". Kuna swali, "Amri ya nani?", halafu jibu: amri ya Bwana Kapteni, amri ya Keya. Pale panapotajwa mtoa amri ni nafasi wazi. Anaweza kuingizwa mwingine na wimbo usivunjike. Nafasi za namna hiyo ndizo za kutafuta katika kila wimbo, maana hapo ndipo mzee anapoweka watu wake.

Mfano wa pili wengi mnaujua tangu mchakamchaka wa shule ya msingi:

Idi Amini akifa
Mimi siwezi kulia
Nitamtupa Kagera
Awe chakula cha mamba

Hesabuni mizani (silabi za kila mstari): 8, 8, 8, 8, ukitamka "Amini" kama wanavyotamka waimbaji. Ni kipimo kilekile cha mshororo wa utenzi, ila vina vimelegea, vinaishia kwenye "a" tu. Mstari wa mizani 8 unamtosha mtu anayekimbia kwa pumzi moja. Ukiongeza mpaka 12, kundi linakatika katikati, nusu wanaimba na nusu wanahema. Kwa hiyo mzee akikupa mstari mrefu mno katika wimbo wa kukimbia, ujue ama anasimulia badala ya kuimba, ama ameunganisha mistari miwili.

Wenye ujuzi wa kurekodi, wa ngoma, na wa kanda za zamani, karibuni.

---

#2 Mwanadepo

Mkuu #1 umeeleza vizuri. Naongeza suala la mwendo, maana ndipo watu wanapokosea kuliko kote.

Nyimbo hizi hazikutungwa kwa mtu aliyekaa kitini. Gwaride la mwendo wa haraka kwa utaratibu wa Kiingereza ni hatua 116 hadi 120 kwa dakika. Matembezi marefu na mzigo mgongoni yanashuka chini ya hapo. Mchakamchaka unapanda hadi 150 na zaidi. Wimbo mmoja ukiuchukua kutoka kwenye kutembea ukaupeleka kwenye kukimbia, maneno yanafupishwa na silabi zinamezwa. Ndiyo maana utasikia matoleo mawili ya wimbo mmoja ukadhani ni nyimbo mbili.

Namna ya kufanya:

Mweke mzee asimame kama anaweza. Hawezi, basi apige mguu chini au agonge fimbo. Mguu wa kushoto ndio unaoanza, kama kwenye kwata. Ukimwacha aimbe bila pigo lolote, baada ya beti mbili kasi inashuka, na mistari ya mwimbishaji inageuka hadithi.

Tafuta waitikiaji watatu au zaidi, wajukuu wanatosha. Wafundishwe kiitikio kwa dakika tano kabla ya kurekodi. Sababu ni kwamba mwimbishaji hangoji kiitikio kiishe. Anaingia juu ya silabi za mwisho za waitikiaji, na mwingiliano huo ndio unaompa nafasi ya kufikiri mstari unaofuata. Mzee akiimba peke yake analazimika kubeba pande zote mbili, anakosa pumzi, na anakata mistari. Mtu anayekupa mistari minne akiwa peke yake anaweza kukupa kumi na tano akiitikiwa.

Rekodi mara tatu. Mara ya kwanza wimbo mzima bila kumkatiza. Mara ya pili aseme maneno taratibu bila kuimba. Mara ya tatu mstari kwa mstari, na swali moja tu kwa kila mstari: "Huyu ni nani?" au "Hapa ni wapi?" Msianze na maelezo. Ukianza na maelezo, akija kuimba anaimba yale uliyoonyesha unayataka.

---

#3 Binti_Muleba

Asanteni sana. Swali langu ni la vifaa. Sina kinasa sauti, nina simu ya kawaida tu. Inafaa?

---

#4 Kipaza

Inafaa kabisa, dada. Simu ya kawaida leo inazidi kaseti ya mwaka 1985. Kinachoharibu ni mipangilio na mahali.

Pakua programu ya kurekodi inayotoa faili la WAV, weka 48 kHz na biti 24, au 16 kama simu haina 24. Chaneli moja inatosha. Saa moja ya 48 kHz biti 24 chaneli moja ni kama MB 520, chaneli mbili inavuka GB 1, kwa hiyo hakikisha nafasi ipo kabla ya kuanza. Weka simu katika hali ya ndege. Simu ikiita katikati ya ubeti, programu nyingi zinasimamisha rekodi bila kukuambia.

Umbali: sentimita 40 hadi 50 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, isielekee mdomo moja kwa moja, la sivyo kila "p" na "b" itapasuka. Waitikiaji wakae nyuma ya simu, mita mbili au tatu, wasimzidi. Simu isiwekwe juu ya meza inayogongwa fimbo wala sakafu ya mbao, maana pigo la mguu litafunika maneno. Iweke juu ya nguo iliyokunjwa mara kadhaa.

Mwanga wa kiwango cha sauti usifike juu kabisa. Jaribuni kwanza na kiitikio, kwa sababu hapo ndipo sauti inapopanda. Kama programu ina namba, kilele kiwe karibu na -12 dB. Sauti ndogo inaweza kuongezwa baadaye, lakini iliyopasuka haitengenezeki.

Chumba chenye bati na kuta tupu kinarudisha mwangwi. Chini ya mwembe ni bora, ila majogoo na pikipiki ni shughuli nyingine. Asubuhi mapema kabla upepo haujaanza ndiyo saa nzuri.

Na tafadhali, msitume kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti. Unabanwa vibaya sana, sauti za "s" na "sh" zinachanganyika, na mwandikaji hataweza kutofautisha majina. Tuma kama hati, au hamisha kwa waya. Nakala ziwe mahali patatu: simu, kadi au diski, na mtu mwingine anayekaa nyumba nyingine.

---

#5 Bi_Nyasa

Mmesahau ngoma. Kumbukumbu nyingi za Vita Kuu ya Kwanza hazikubaki kwenye nyimbo za kutembea, zilihamia kwenye beni na mganda, ngoma zinazoiga bendi na gwaride la jeshi.

Beni ilianzia pwani ya Kenya kabla ya vita, Lamu na Mombasa, na vyama vya Marini na Arinoti vikasambaa Tanganyika yote wakati wa vita na baada yake. Askari na wapagazi waliorudi makwao baada ya Wajerumani kuweka silaha chini Abercorn (leo Mbala, Zambia), tarehe 25 Novemba 1918, walirudi na gwaride, vyeo, filimbi na tarumbeta vichwani mwao. Kandokando ya Ziwa Nyasa, upande wetu na upande wa Malawi, hayo yakawa mganda na malipenga: wanaume wamepangwa mistari, kaptula nyeupe, soksi ndefu, vyeo vya kijeshi ndani ya kikundi. Wanawake nao wana ngoma yao, kioda.

Sasa kwa anayetaka kurekodi mganda, jueni ile sauti ya "tarumbeta" inatoka kwenye kibuyu. Kibuyu kinakatwa upande wa shingo ili kupata mdomo. Ubavuni panatobolewa tundu dogo, na juu ya tundu hilo panabandikwa utando mweupe wa buibui, ule unaofunika mayai yake ukutani, kwa nta au utomvu unaonata. Mchezaji hapulizi. Anaimba "tuu-tuu" ndani ya kibuyu na utando unatetemeka. Vibuyu vidogo vinabeba sauti ya juu, vikubwa vinabeba besi, kwa hiyo kikundi kamili kinasikika kama bendi ya shaba ya jeshi.

Utando unaharibiwa na mate na unyevu. Ukilowa sauti inakuwa butu, ukichanika inabaki sauti ya mtu anayevuma tu. Kikundi makini kinakuwa na akiba ya utando. Wengine siku hizi wanabandika plastiki laini: inadumu zaidi lakini inakwaruza, na ukiiweka simu karibu mno inapasua rekodi. Simameni mita nne au tano kutoka mstari wa mbele.

Tahadhari kubwa: vibuyu vinabeba nyimbo zenye maneno. Wachezaji wanayajua maneno hata yasiposikika. Baada ya ngoma mketisheni kiongozi, avuliwe kibuyu, aimbe kwa mdomo. Bila hatua hiyo mtabaki na muziki mzuri usiojulikana unasema nini.

---

#6 Mtafuta_Tarehe

Mzee anaimba lakini hakumbuki mwaka. Kuna namna ya kukadiria?

---

#7 Kiitikio_Kwanza

Ipo, mkuu. Usimsumbue na mwaka. Sikiliza majina.

"Keya" ni kati ya 1902, ilipoundwa KAR, na uhuru, vikosi vilipobadilishwa majina: Tanganyika Rifles 1961, Uganda 1962, Kenya 1963. Kwa Tanzania, baada ya maasi ya Januari 1964 kikosi kile kikavunjwa na JWTZ ikaanza 1 Septemba 1964. Wimbo unaotaja Keya na JWTZ pamoja umeongezwa mistari baadaye. Huo si uongo, ni tabaka mbili, andika zote.

"Mdachi" au "Mjerumani" porini, na wapagazi: 1914 hadi 1918. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi ni majina ya kikosi hichohicho cha wapagazi. "Habeshi" na "Mtaliano": 1940 na 1941. "Madagaska": 1942. "Bama", mvua isiyokatika, homa, bonde la Kabaw, mto Chindwin: 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wenye nembo ya kifaru (mnyama, si kifaru cha vita). Akitaja daraja refu la chuma, uliza Kalewa: Desemba 1944 lilijengwa pale daraja la Bailey la karibu mita 350.

Kagera ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu mpangilio wa miji unakuonyesha mzee alipita njia ipi. Uvamizi Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, Mutukula ikachukuliwa Januari 1979. Baada ya hapo jeshi likagawanyika: wengine Masaka, wengine Mbarara, zote zikaanguka Februari. Wimbo unaotoka Masaka kwenda Lukaya, Mpigi, Entebbe ni wa njia ya mashariki. Unaotaja Mbarara bila Masaka ni wa njia ya magharibi. Kampala ni 11 Aprili 1979. Ikitajwa Gulu au Arua, mzee aliendelea mpaka mwisho.

Vilevile angalieni majina ya makamanda. Askari waliwaita kwa majina ya utani: Mayunga alikuwa "Mti Mkavu", Marwa alikuwa "Kambale". Asiyejua ataandika mti mkavu kwa herufi ndogo na kudhani mzee anaimba habari za kuni.

Kosa la namna hiyo limo pia upande wa Uganda. Wao waliuita mzinga wa makombora wa BM-21 "saba saba". Mwandikaji wa Kitanzania akiusikia anaandika sikukuu ya tarehe 7 Julai, na ubeti mzima wa mtu aliyekuwa chini ya makombora unageuka sherehe.

---

#8 Mkenya_wa_Nyeri

Naongeza ya kwetu kwa kifupi. Nyimbo za Mau Mau nyingi ziliwekwa juu ya tuni za kanisani. Sababu ni ya vitendo: tuni kila mtu anaijua tayari, mnafundishana maneno tu, na anayepita mbali anasikia wimbo wa ibada. Kabla yake kulikuwa na Muthirigu, wimbo wa kupinga wamisheni, 1929 na 1930, mpaka serikali ikaupiga marufuku.

Kwa kurekodi, hii inaleta shida moja. Mjukuu aliyelelewa kanisani akiitikia, atarudisha maneno ya kitabu cha nyimbo bila kujua, na mzee atamfuata. Muulize mzee kwanza tuni ni ya wimbo gani, halafu waitikiaji wafundishwe maneno yake. Na kama wimbo ni wa Kikuyu, andikeni Kikuyu. Tafsiri ya Kiswahili ije chini yake, isichukue nafasi yake.

---

#9 Kanda_Robo

Kwa wenye kanda. Redio Tanzania ilirekodi bendi nyingi za majeshi, Mwenge Jazz ya JWTZ, Kimulimuli ya JKT, na huko ndiko nyimbo za ushindi zilikopigwa kwa magitaa. Lakini zipo pia kanda na kaseti majumbani, kwenye masanduku ya wajane.

Usiicheze kanda ya zamani kabla ya kuikagua. Inua gurudumu kwenye mwanga. Kanda ya asetati inapitisha mwanga, ya poliesta haipitishi (hizo ni aina mbili za plastiki ya kanda). Nusa. Harufu ya siki maana yake asetati imeanza kuoza: itenge na nyingine, iweke mahali pakavu penye ubaridi, na iwe ya kwanza kunakiliwa. Asetati haipashwi moto kamwe.

Poliesta ya kuanzia katikati ya miaka ya 1970 ina ugonjwa mwingine. Gundi inavuta unyevu, kanda inanata kwenye kichwa cha mashine, inalia, na inaacha unga wa kahawia. Hapo ndipo mafundi wanaipasha kwenye kikaushio chenye joto linalodhibitiwa, nyuzi 50 hadi 55 za Selsiasi, kwa saa nane au zaidi, kisha inapoa kabisa ndipo inanakiliwa ndani ya wiki chache. Jiko la nyumbani halifai, linapanda na kushuka mno.

Kasi nayo: kanda za studio zilikuwa sm 19 au 38 kwa sekunde. Ukicheza ya 38 kwa 19, sauti inashuka oktavu nzima, mtu anaonekana ana miaka mia. Angalieni sanduku, kasi mara nyingi imeandikwa.

Kaseti zenye ukungu, msizicheze. Ukungu unahamia kwenye mashine na kutoka hapo unaenda kwenye kila kaseti inayofuata.

---

#10 Mlinzi_wa_Maadili

Swali gumu kidogo. Baadhi ya nyimbo zina matusi, na nyingine zinadhalilisha wanawake au makabila. Tukiweka mtandaoni si tutachafua heshima ya wazee? Nadhani ni bora zisafishwe.

---

#11 Mwanadepo

Hapana, mkuu, hapa napinga kwa nguvu zote. Nakala kuu isiguswe. Matusi katika nyimbo hizi mara nyingi yanaelekezwa juu, kwa afande, kwa mpishi wa kombania, kwa aliyebaki nyumbani akachukua mke wa askari. Hayo ndiyo malalamiko ambayo hayakuwahi kuandikwa kwenye barua, kwa sababu barua zilikuwa zinasomwa na maofisa. Ukiyafuta unabaki na askari mtiifu anayeimba kumsifu kamanda, na huyo hajawahi kuwepo.

Kinachowezekana ni kutenganisha. Nakala kamili inahifadhiwa na familia na mahali pa kuaminika, na ya kuweka hadharani inachaguliwa na mzee mwenyewe. Yeye ndiye anayesema ubeti upi usitoke, si mjukuu wala mrekodi. Ridhaa yake irekodiwe kwa sauti, mwanzoni mwa faili, kwa maneno yake.

Jambo jingine zito zaidi ya matusi: majina ya waliokufa. Mwimbishaji anaweza kumtaja mwenzake aliyeanguka mahali fulani kwa namna ambayo familia haikuambiwa. Usiliweke hadharani kabla familia ile haijatafutwa.

Na mzee akinyamaza katikati ya ubeti, mwacheni anyamaze. Usimkumbushe mstari, usimpe maji haraka ili aendelee, usizime kinasa kwa kishindo. Ngoja. Akigeuza mazungumzo, yafuate hayo mapya. Ubeti ule anaweza kuurudia siku nyingine au asiurudie kabisa, na haki hiyo ni yake. Wanaowashinikiza wazee walie mbele ya kamera kwa ajili ya watazamaji wanafanya jambo baya, na mara nyingi wanapata wimbo uliokatika tu.

---

#12 Binti_Muleba

Nimeelewa. La mwisho: nikishapata faili, niliandikeje?

---

#13 Kipaza

Jina la faili: mwaka-mwezi-siku ya kurekodi, wilaya, neno la kwanza la kiitikio, namba ya jaribio. Bila nafasi katikati. Usiweke jina la mzee kwenye jina la faili, liwe kwenye daftari tofauti.

Kwenye daftari: kikosi na kombania kama anakumbuka, miaka aliyotumikia, wimbo aliusikia wapi mara ya kwanza (depo, njiani, mbele, au baada ya vita), kasi kwa hatua, nani waliitikia. Hilo la "wapi mara ya kwanza" msiliruke. Wimbo wa Kagera uliojifunzwa shuleni mwaka 1990 si sawa na uliojifunzwa handakini, hata kama maneno ni yaleyale.

Katika kuandika maneno, mwimbishaji aandikwe kushoto, waitikiaji wasogezwe kulia, na pale anapoingia juu yao weka alama ya mkwaju (/). Usisahihishe lahaja. Akisema "Bama", andika Bama. Neno usilolisikia weka mabano matupu na dakika ilipo, usikisie.

Halafu mpeleke mzee nakala yake ndani ya wiki, kwenye kifaa anachoweza kukicheza mwenyewe, hata redio ndogo ya kadi. Akijisikiliza ataanza kurekebisha, "hapa nimeruka", na atakupa mistari ambayo hukuipata. Kwa hiyo siku hiyo ya kupeleka nakala, nenda na simu iliyojaa chaji.